Mhalifu Akipewa Ulimi

Msimu wa korosho unapokaribia, katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea hupita mtu mwenye bakuli. Si ombaomba. Mfukoni ana fedha taslimu, na bakuli lile, au kopo, au chombo chochote alichojichagulia, ndiyo mizani yake. Huwaendea wakulima waliobanwa na dhiki ya wakati ule: mwenye mgonjwa, mwenye msiba, mwenye mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Huwapa fedha leo, nao humuahidi korosho ambazo bado zi juu ya mikorosho, kwa bei aitakayo yeye. Biashara hiyo huitwa kangomba, na serikali imeipiga marufuku. Korosho zinatakiwa zipite katika vyama vya msingi, ziingie ghalani kwa stakabadhi, na zipigwe mnada na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeungwa kwa vipande vya wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi kwenda kuzisomba, wakulima walihakikiwa kwanza mashamba yao ili wenye kangomba wasije wakalipwa. Sheria, basi, imekwisha kumtambua mtu wa bakuli, na imempa jina lake. Ushairi bado.

Si kwamba hapana mtu awezaye kumtungia. Mtunzi yeyote mwenye kujua vina anaweza kumlaani mlanguzi kwa beti kumi kabla ya chai ya asubuhi kupoa. Atamwita mnyonyaji, atamwita kupe, atamlilia mkulima, na katika ubeti wa tamati atawaomba wakuu wamtie mbaroni. Shairi la namna hiyo husomwa, hukubaliwa na kila mtu, akiwamo mlanguzi mwenyewe, ambaye hulisikiliza redioni huku akihesabu magunia, wala halimchomi kwa sababu halimhusu. Yule anayetukanwa mle ndani hafanani naye. Yeye anajijua kuwa ni mtu aliyewasaidia watu.

Hapo ndipo ilipo kazi ngumu zaidi, ambayo ni kumwacha aseme. Mtunzi ajivue nafsi yake, avae ya mtu wa bakuli, aseme "mimi" kwa kinywa chake, asimkatize wala asimsute. Tuchukue ubeti mmoja wa mfano, wa kumuonesha mtu huyo siku alipokamatwa:

Sikuvunja nyumba yake, wala sikuruka ua,
Alikuja peke yake, mwanawe akiugua,
Nikampa haja yake, korosho nikanunua,
Leo mnaponishika, nani asiyenijua?

Si ubeti mkubwa, lakini unatosha kwa haja iliyopo. Mtu huyu hakuungama chochote. Ameanza kwa kuorodhesha makosa asiyoyatenda: hakuvunja, hakuruka. Amejiepusha na neno la bei, kwa kuwa bei ndiyo dhambi yake, na badala yake amechagua kitenzi kilicho safi kuliko vyote, kununua. Kisha, kwa kutaka aonekane mwema, amemtaja mtoto mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza. Amemleta mwenyewe kama shahidi wa upande wake, na papo hapo mtoto amegeuka kuwa shahidi wa upande wa pili, maana sasa msikilizaji amekwisha kujua ni saa gani mnunuzi huyu alifungua mlango na alimkuta mwenzake katika hali gani. Na msitari wa mwisho una jambo jingine tena. "Nani asiyenijua?" ni swali la mtu anayewatazama wanaomkamata, mmoja baada ya mmoja, na pengine miongoni mwao yumo aliyewahi kula naye.

Siri yote ya kumchora mhalifu katika utungo imo humo. Kinachomfichua ni utetezi wake. Mwenye kuungama husema yale ambayo mwulizaji anayataka, na kwa hiyo katika ungamo husikika zaidi sauti ya mwulizaji. Mwenye kujitetea huchagua maneno yake mwenyewe, na kila neno alichagualo huonesha alikuwa anaogopa nini. Mwingereza Robert Browning aliifahamu siri hiyo alipomsemesha mtawala mmoja wa Italia katika shairi lake "My Last Duchess", lililochapishwa mwaka 1842. Mtawala yule anamuonesha mgeni picha ya marehemu mkewe, anaisifu kazi ya mchoraji, analalamika kidogo kwamba bibi yule alikuwa mwepesi mno wa kumtabasamia kila mtu, na hakuna mahali popote anaposema waziwazi kuwa aliamuru auawe. Msomaji anaondoka akiwa anajua. Shakespeare naye alikwisha kulifanya hilo karne mbili na zaidi kabla yake, na kwa Kiswahili wasomaji wamempata muuaji wake katika Makbeth ya S. S. Mushi, iliyotoka mwaka 1968.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba jambo hili liliingia pwani kwa meli. Tenzi za kale zina adabu moja ambayo haijasifiwa ipasavyo. Ndani yake kafiri naye hupewa zamu. Mfalme muovu husimama, akajigamba, akatishia, akaeleza kwa nini haoni sababu ya kusujudu, na mtunzi, ambaye ni mcha Mungu na ambaye anajua fika atamfikisha wapi, humpa mizani nane zilezile anazompa shujaa wa dini, na kina cha bahari kilekile. Hamkatii ubeti wake vipande. Msomaji wa Utenzi wa Rasi 'lGhuli anajua jinsi maneno ya upande wa batili yanavyoweza kuwa na ladha, na Abdilatif Abdalla alipotunga Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, uliochapishwa mwaka 1971, hakuweza kumkwepa Ibilisi, mshitakiwa wa kwanza kupita wote, ambaye hoja yake juu ya moto na udongo ingali ikirudiwa hadi leo na kila mwenye kiburi cha nasaba. Waliotunga namna hiyo hawakuwa na huruma na uovu. Walikuwa na imani ya kutosha kwamba haki haihitaji kumziba mtu mdomo.

Sasa turudi kusini, kwani ardhi ile ya Ruangwa na Nachingwea, ambayo hadi mwaka 1995 ilikuwa wilaya moja, imepitiwa na vinywa vya washitakiwa kuliko mwenye kuitazama ramani anavyoweza kukisia.

Mwishoni mwa Agosti 1905 Wamwera waliingia katika Vita vya Majimaji. Misheni ya Nyangao ilichomwa moto na Sista Walburga Diepolder akauawa. Mbele ya serikali ya Wadachi watu wale walikuwa wahalifu, na walihukumiwa kama wahalifu, kwa kamba na kwa njaa. Kutoka Lindi, umbali usiofika mbali sana na vita vyenyewe, Haji Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia vita hivyo utenzi, nao ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukatolewa upya na W. H. Whiteley mwaka 1957. Ni kazi yenye thamani kubwa, na mwenye kutafuta majina ya watu na mahali hawezi kuipita. Lakini mwenye kutafuta moyo wa mpiganaji hurudi na mkono mtupu. Hukumu imetangulia kisa. Mtu wa bara anaonekana kwa mbali, katika kundi, amedanganyika kwa dawa, na mtunzi wa mjini anamtazama kama mtu wa mjini atazamavyo. Tusimlaumu kupita kiasi. Aliandika chini ya dola iliyoshinda, na huenda mtu aliyeiona miti ya kunyongea hakuwa na hamu ya kusema "mimi" kwa niaba ya aliyenyongwa.

Kazi hiyo ilimsubiri mtoto wa Kilwa. Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na ingawa ni tamthiliya, aliyeiandika ni mshairi, kama Ngao ya Jadi ilivyokuja kuthibitisha mwaka 1976. Katika historia, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeshika, wakati Wamwera hawajashika silaha bado. Hussein, ambaye aliwaonya wasomaji wasimchanganye mtu wake na yule wa historia, alimuacha hai hadi baada ya kushindwa. Kwa nini? Bila ya shaka kwa ajili ya onyesho moja tu, la mwisho, pale ambapo Kinjeketile yumo kifungoni, amepigwa, na anatakiwa aseme neno moja dogo ambalo yeye mwenyewe anajua kuwa lina ukweli ndani yake: kwamba maji yalikuwa uongo. Watu wamekwisha kufa kwa kuyaamini. Akilisema, pengine ataokoa roho yake. Anakataa.

Wako wasomaji ambao onyesho hilo huwaudhi, nao wana haki yao. Wanauliza: mtu aliyewapeleka wenzake mbele ya bunduki za rashasha kwa ahadi ya maji, hana deni la kuwaambia mabaki yao ukweli? Hussein hakulifuta swali hilo. Amelitia katika kinywa cha Kitunda, rafiki wa mfungwa, ambaye aliona miili na ambaye anamsihi aseme. Kwa hiyo mbele ya msomaji wako washitaki wawili, askari wa dola na rafiki aliyevunjika moyo, na wa pili ndiye mzito. Kinjeketile anajibu kwa kuwafikiria watoto wa kesho ambao wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Je, hiyo ni hekima, au ni kiburi cha mtu asiyeweza kulikana jina lake? Vyote viwili vimo katika pumzi moja, na ndiyo maana mtu yule yu hai hata ukikifunga kitabu.

Tangu hapo ilipita miaka sita tu, na jambo la kinyume chake likatokea Nachingwea, mbele ya watu wa kweli.

Mahali penyewe palikwisha kuzoea mambo makubwa yasiyofika mwisho. Mwaka 1947 Waingereza waliuanza mradi wao wa karanga, wakafyeka msitu kwa matingatinga, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 wakauacha, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Katika miaka ya 1960 FRELIMO ikapewa hapo kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi na kisiasa. Samora Machel aliiongoza, na Josina, aliyekuja kuwa mkewe, alifunzwa humo na wanawake wenziwe. Ilikuwa pia kambi ya washairi, jambo ambalo husahauliwa. Marcelino dos Santos, makamu wa rais wa chama, alikuwa mshairi aliyetumia jina la Kalungano. Jorge Rebelo, mtu wa habari, alikuwa mshairi. Machel mwenyewe alimtungia Josina shairi la maombolezo alipofariki mwaka 1971, na mwaka huohuo kikatoka kitabu cha mashairi ya wapiganaji. Kwa jumla ni mashairi ya "sisi", kama yalivyo mashairi ya vita popote. Adui humo anatajwa, hasemi.

Mei 1975, ikiwa imebaki wiki chache tu Msumbiji ipate uhuru wake wa tarehe 25 Juni, kundi la mahabusu lilipangwa mbele ya wapiganaji na wageni katika kambi hiyo. Miongoni mwao alikuwamo Mchungaji Uria Simango, ambaye alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO hadi Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na ambaye mwezi Novemba wa mwaka huo aliandika waraka wa kuwashutumu wenzake akafukuzwa. Walikuwamo pia Joana Simeão, na Lázaro Nkavandame wa Cabo Delgado, aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka 1969. Simango alilazimishwa kusoma ungamo la kurasa ishirini. Alijiita msaliti, akaomba aelimishwe upya. Sauti ilinaswa na ipo. Baadaye yeye na wenzake hao waliuawa bila ya kufikishwa katika mahakama yoyote.

Wapenzi wa fasihi wana jambo lao la kulisikiliza katika kurasa zile ishirini, mbali na yale ya wanasiasa. Zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Zina makosa, zina tarehe, zina majina, zina majuto. Kwa kipimo cha mwenye kutaka kumjua mhalifu zingepaswa kuwa hazina. Lakini ndani ya "mimi" ile hamna mtu. Mtu halisi anapojieleza huteleza. Hutaja kisichoulizwa, kama mnunuzi wetu na mtoto mgonjwa. Hujisifu pahala pasipofaa, huwa na donge juu ya jambo dogo. Simango wa waraka wa 1969, ukubaliane naye au usikubaliane, ana donge, ana hofu, ana hesabu zake. Simango wa 1975 ana sarufi tu. Kila sentensi imekwisha kukubaliana na hukumu kabla ya kufika nukta. Waliomsikiliza walisikia nafsineni iliyotungwa, na iliyotungwa vibaya, kwa sababu aliyeitunga hakutaka kumjua msemaji wake. Alitaka kummaliza.

(Wasomaji wa Visiwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kesi ya uhaini iliyosikilizwa Unguja mwaka 1973 na 1974, kufuatia kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea, na maungamo yalibeba mzigo mkubwa. Wazee wanakumbuka redio.)

Kuna mlango wa tatu, nao ni pale mhukumiwa anapokuwa mtunzi yeye mwenyewe. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu Kenya, tangu 1969, kwa kijitabu cha kuuliza nchi inakwenda wapi. Tungo alizozitunga gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Vichwa tu vya mashairi kama "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo" vinatosha kueleza kama aliungama. Wasifiaji wake hupenda kumsifu kwa ushujaa, na ushujaa upo. Lakini kwa mazungumzo haya kuna jambo la ufundi pia: gereza lilikwisha kumwandikia "mimi" ya mhalifu, yenye nambari na kosa, naye akaandika nyingine juu yake kwa Kimvita cha nyumbani, lahaja ambayo karani wa gereza asingeweza kuitunga hata angetaka.

Kwa hiyo mtunzi wa leo wa Ruangwa anayetaka kumsemesha mtu wa bakuli ana kipimo cha kujipimia. Asimfanye aungame. Akimfanya aungame katika ubeti wa tamati, amechukua nafasi ya mwenye kalamu wa 1975, hata kama sababu yake ni njema na mkulima ameonewa kweli. Ampe bei anayoona ni ya haki, ampe kumbukumbu ya mwaka alioanguka yeye mwenyewe korosho zilipoporomoka, ampe mama anayemtunza. Ampe hata utani, kwani walanguzi ni watu wa utani sana. Kisha amwache aseme hadi ateleze. Hatari yake ni kwamba wasikilizaji watampenda, na hatari hiyo haina dawa. Browning hakuipata na Hussein hakuipata.

Ama lile shairi la Nachingwea, lingali halijatungwa kwa Kiswahili, na huenda msemaji wake asiwe Simango. Kinywa cha Simango kimekwisha kutumiwa vya kutosha na watu wengine. Msemaji anayefaa ni yule aliyekaa na taa usiku wa kuamkia siku ile, mbele ya karatasi tupu, akiambiwa aandike kama mtu mwingine. Tumbuni tu, bila ya kumpa jina. Huenda alikuwa kijana. Huenda alipenda mashairi. Angeanza, labda, kama mtu wetu wa bakuli, kwa kuorodhesha asiyoyatenda: kwamba yeye hakumgusa mtu, hakushika bunduki, aliketi kivulini na kalamu tu. Angesema mwandiko wake ulikuwa mzuri, kiasi kwamba msomaji hakukwama hata mara moja. Angesifu jinsi uwanja ulivyonyamaza. Na pengine, bila ya kuulizwa na yeyote, angetaja kwamba kwenye ukurasa wa kumi na tisa mikono ya mzee yule ilianza kutetemeka, na kwamba ulikuwa ni upepo.